Jino Bovu Halijui Kalenda ya Shule

Miongoni mwa maradhi yanayowasumbua wanafunzi wetu, sidhani kama kuna yanayodharauliwa kuliko maumivu ya jino. Mwanafunzi akishikwa na malaria, mwalimu wa zamu humwandikia cheti cha ruhusa bila ya kusita, na aghalabu hupatikana mtu wa kumsindikiza hadi zahanati. Lakini mwanafunzi huyo huyo akija ameshika shavu, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi, ataambiwa asukutue kwa maji ya chumvi kisha arudi darasani, maana jino halijapata kumwua mtu. Nami ninayeandika makala haya nimekuwa mwalimu katika sehemu hizi za Saboti kwa miaka mingi, na kauli hiyo nimeisikia ikitamkwa katika vyumba vya walimu mara nyingi mno, hata nimeona haja ya kuijibu hadharani. Jino huua. Huua kwa nadra, ni kweli, lakini wale linaowaua ni watu ambao wangaliokolewa kwa kazi ya nusu saa, na kinachowaponza ni neno moja dogo: ngoja.

Tuanze basi na kungoja kwenyewe. Wahenga walinena kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Laiti wangaliishi Saboti wangalitaja na mataya pia. Mtu wa mjini hudhani kwamba anayechelewa kumwona daktari wa meno ni mjinga au mwoga. Sivyo hata kidogo. Hapa kwetu, kati ya Kitale na miteremko ya Mlima Elgon, mwaka wa mkulima una mhimili mmoja, nao ni mahindi. Ifikapo Machi fedha za nyumba nzima huzikwa ardhini pamoja na mbegu na mbolea, wala hazifufuki mpaka mavuno ya Oktoba na Novemba. Jino likianza kuuma mwezi wa Mei, mwenye jino hulazimika kuchagua baina ya palizi na nauli. Zahanati za mashambani hutoa chanjo, hupima malaria na kuwazalisha akina mama, lakini zilizo nyingi hazina kiti cha meno wala mtu wa kukisimamia. Kwa hiyo safari ni ya Kitale, au kwa wanaoishi upande wa pili, ya Bungoma. Mvua ikinyesha, mwenye bodaboda hupandisha bei au hukataa katakata kuteremka kwenye tope. Na mgonjwa akishafika mjini, foleni humngoja yeye.

Tena kuna kungoja kusikomhusu mkulima. Madaktari wa hospitali za umma waligoma kuanzia tarehe 5 Desemba 2016 hadi katikati ya Machi 2017, siku 100. Wakagoma tena kuanzia katikati ya Machi hadi mapema Mei 2024, siku 56. Wengi husahau kwamba chama chao, KMPDU, ni cha madaktari, wafamasia na madaktari wa meno pia. Mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipoingia nchini, matibabu ya meno yasiyokuwa ya dharura yaliahirishwa mahali pengi duniani, kwa kuwa mashine ya kutoboa jino hurusha vinyunyu vya mate hewani. Sisemi kwamba madaktari walikosea kudai haki zao, wala kwamba tahadhari ya mwaka 2020 haikuwa na maana. Nasema tu kwamba jino halikugoma pamoja nao.

Lakini kungoja kunakonikera zaidi ni kule tunakokuzalisha wenyewe shuleni. Mwanafunzi wa bweni akiumwa katika wiki ya tatu ya muhula, huambiwa angoje likizo fupi ya katikati. Likizo fupi ikifika, mzazi hana fedha, basi angoje kufunga shule. Akiwa mtahiniwa wa kidato cha nne, ndiyo kabisa: amalize mitihani kwanza, jino baadaye. Hesabu hii tunaifanya kana kwamba bakteria nao wamepewa nakala ya kalenda ya Wizara ya Elimu.

Ni vyema kila mwanafunzi aelewe jinsi jino linavyooza, kwa kuwa somo hili halimo sana katika mazungumzo yetu. Jino si mfupa mtupu. Ganda lake la nje, enameli, ndilo kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu, lakini halina uhai, na likishatoboka halijijengi upya. Chini yake kuna dentini, iliyo laini kidogo na yenye vijitundu visivyoonekana kwa macho. Katikati kabisa kuna chumba kidogo chenye nyama laini, mishipa ya damu na neva. Hiyo ndiyo roho ya jino. Juu ya jino hujikusanya ukoga, neno zuri la Kiswahili ambalo vijana wetu wanalisahau, yaani ule utando unaonata ambao ulimi huuhisi asubuhi. Ndani ya ukoga huishi bakteria, na wanaojulikana zaidi kwa uharibifu huitwa Streptococcus mutans. Hawa hawali jino. Wao hula sukari tunayokula sisi, kisha hutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha madini ya enameli. Kila tunapotia kitu kitamu kinywani, ukoga huwa mkali kwa muda wa nusu saa hivi, mpaka mate yaufifishe. Ndiyo maana mwanafunzi anayefyonza peremende moja moja kutwa nzima huharibikiwa upesi kuliko yule anayezila zote kwa mkupuo baada ya chakula cha mchana. Na katika nchi hii yetu ya chai yenye vijiko vitatu vya sukari, mandazi, na muwa unaotafunwa njiani (kiwanda cha Nzoia, kule Bungoma, kilianzishwa mwaka 1975, na mashamba ya miwa yamekuwa jirani zetu tangu hapo), bakteria hao hawalali njaa.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba ubovu wa meno ni balaa lililoletwa na sukari ya viwandani peke yake. Fuvu la mtu wa kale lililochimbuliwa mwaka 1921 huko Kabwe, Zambia, wakati mji huo ukiitwa Broken Hill, lina meno kumi ya juu yaliyooza pamoja na alama za majipu katika mfupa wa taya. Wataalamu hulikadiria kuwa na umri wa miaka ipatayo 300,000, na wapo wanaodhani kwamba huenda ni maambukizi hayo yaliyomwua mwenyewe. Hakuwahi kuonja peremende, maskini. Na tembo wetu wa Mlima Elgon, wale wanaoingia usiku katika pango la Kitum na kuchokoa mwamba kwa pembe zao ili wapate chumvi, maumbile yamewapa magego ya kubadilisha mara sita maishani. Seti ya sita ikisagika, tembo hufa kwa njaa. Sisi tumepewa seti mbili tu, na ya kwanza tunaimaliza kabla hatujatia akili. Hapana budi kuitunza hiyo ya pili.

Turudi kwenye jino letu. Asidi ikishapenya hadi kwenye dentini, mtu huanza kushtuka akinywa maji baridi au akila kitu kitamu. Hiyo ni hatua ya rehema, maana daktari anaweza kulisafisha tundu na kuliziba, na jino likaishi miaka mingi. Wengi hatuendi katika hatua hiyo kwa sababu maumivu huja na kupita. Bakteria wakifika chumbani, ile nyama laini huvimba. Lakini itavimba iende wapi, nayo imezingirwa na kuta ngumu pande zote? Ndipo yanapoanza maumivu ya kupwita, ambayo huzidi usiku mtu akijilaza, damu ikijaa kichwani. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nimeona wanaume wazima, wenye kubeba magunia ya mahindi bila ya kuguna, wakilia kama watoto kwa sababu ya gego moja.

Kisha, baada ya siku kadhaa, jambo la ajabu hutokea: maumivu hunyamaza. Mgonjwa humshukuru Mungu, na jirani aliyempa mizizi ya kutafuna hupokea sifa asizostahili. Naomba msomaji asimame hapa kidogo, kwa kuwa ndipo wengi wanapodanganyika. Jino halijapona. Neva imekufa, na kilichokufa hakiumi. Bakteria sasa wamebaki na chumba kitupu kisichofikiwa na damu, na kwa kuwa hakuna damu hakuna askari wa mwili wa kuwafukuza. Watapita polepole kwenye ncha ya mzizi, waingie katika mfupa wa taya, na huko watatunga jipu. Hilo laweza kuchukua wiki, miezi au hata miaka. Dalili yake huwa ni jino linalohisi kana kwamba limerefuka na kuuma likigongana na lenzake, au kipele katika ufizi kinachopasuka na kutoa usaha wenye ladha ya chumvi, kisha kufunga na kupasuka tena. Wenye kipele hicho husema, "Usaha unatoka, basi nitapona." Usaha kutoka hupunguza maumivu tu. Kisima chenyewe bado kimejaa.

Katika shule moja niliyofundisha, na sitaitaja, palikuwa na kijana wa kidato cha tatu ambaye jino lake lilinyamaza namna hiyo. Wiki mbili baadaye akaamka amevimba chini ya taya. Jioni yake alikuwa hawezi kufungua kinywa kupitisha kijiko. Mate yakimdondoka, sauti imebadilika kama ya mtu aliyejaza ugali kinywani. Mwenzangu mmoja akashauri apewe vidonge vya maumivu na asafirishwe asubuhi. Kwa bahati palikuwa na mzazi aliyekuja na gari, naye hakutaka kusikia habari za asubuhi. Usiku ule ule daktari alimpasua chini ya kidevu, akatoa usaha, akamwekea dawa za mshipani na kumlaza wodini kwa siku nyingi. Alipona. Ana kovu dogo na pengo moja, na sasa ni baba wa watoto.

Hali ile ina jina katika vitabu vya tiba. Daktari Mjerumani aitwaye Wilhelm Friedrich von Ludwig aliieleza mwaka 1836, na hadi leo huitwa kwa jina lake. Uvimbe huenea chini ya ulimi na shingoni, ulimi husukumwa juu na nyuma, na njia ya pumzi huzibwa. Kabla ya kuwapo dawa za kuua bakteria, zaidi ya nusu ya waliopatwa nayo walifariki. Siku hizi walio wengi hupona, wakifika mapema. Maambukizi ya meno ya juu nayo huweza kupanda kuelekea machoni na hata kwenye ubongo. Wala haya si mambo ya nchi maskini peke yake. Mwezi wa Februari 2007, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, mvulana wa miaka 12 aitwaye Deamonte Driver alifariki baada ya bakteria kutoka katika jino lake kufika ubongoni. Magazeti ya huko yaliandika kwamba kuling'oa jino lile kungaligharimu dola 80, ilhali matibabu ya hospitali aliyopewa baadaye, yakiwemo ya kupasuliwa kichwa mara mbili, yalipita dola 250,000. Mama yake hakuwa mzembe. Alikuwa akihangaika na bima na kutafuta daktari ambaye angekubali kuwatibu wanawe. Nchi ile ina madaktari wa meno tele, na bado mtoto alikufa akingoja.

Kwa hiyo mwalimu wa zamu anapaswa kujua kutofautisha jino linaloweza kungoja hadi Ijumaa na jino lisiloweza kungoja hadi alfajiri. La kwanza huuma, tena huuma sana, lakini mwenyewe hana homa, hana uvimbe wa uso, anameza na kufungua kinywa kama kawaida. La pili hufuatana na uvimbe unaoonekana kwa nje, hasa chini ya taya, shingoni au karibu na jicho, homa na kutetemeka, kinywa kisichofunguka, kumeza kwa shida au mate kudondoka, sauti kubadilika, na, mbaya kuliko zote, pumzi ya kubana. Mwenye dalili hizi asipelekwe kutafuta kliniki ya meno itakayofunguliwa Jumatatu. Apelekwe hospitali yoyote yenye chumba cha dharura, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane na mvua inanyesha. Mwenye kisukari, mjamzito, mwenye upungufu wa kinga na mwenye maradhi ya moyo wasingojeshwe hata kwa uvimbe mdogo.

Na yule anayeweza kungoja, afanye nini katika siku hizo mbili tatu? Hapa sitaki kuwadharau wazee wetu, maana baadhi ya waliyotufundisha yana msingi. Maji ya chumvi ni mema: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika bilauri ya maji ya vuguvugu, mtu asukutue mara kadhaa kwa siku na kuyatema. Hayaponyi jino, bali husafisha kinywa na kuutuliza ufizi. Mafuta ya karafuu nayo si uganga. Ndani yake mna eujeno, kitu kinachotia ganzi, nacho ndicho madaktari wa meno wenyewe huchanganya na unga wa zinki kuziba jino kwa muda; ile harufu tunayoisikia tukiingia katika chumba cha meno ni jamaa wa mashamba ya Pemba. Tone moja katika pamba, likawekwa juu ya jino lenyewe wala si kwenye ufizi, humpa mtu mzima nafuu ya saa kadhaa. Kitambaa chenye maji baridi huwekwa juu ya shavu kwa nje. Alale kichwa kikiwa juu ya mito miwili. Ale vyakula laini visivyo vitamu, anywe maji mengi, na aendelee kupiga mswaki hata kama panauma, kwa sababu uchafu ukiachwa hapo hali huzidi kuwa mbaya.

Kuhusu vidonge, watu wengi hapa hununua dukani kwa majina ya biashara bila ya kujua vina nini. Kwa mtu mzima, parasetamoli ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, wala visizidi vinane kwa siku moja. Hatari ni kwamba parasetamoli imo pia katika dawa nyingi za mafua na za kichwa. Mtu akimeza aina tatu tofauti kwa usiku mmoja huweza kuliharibu ini lake akidhani anatuliza jino. Ibuprofeni hufaa zaidi kwa maumivu ya jino, na huweza kumezwa pamoja na parasetamoli, lakini isitumiwe na mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au mimba, wala isimezwe kabla ya kula. Mwenye pumu aulize kwanza. Aspirini wasipewe watoto na vijana walio chini ya miaka 16. Vipimo vya watoto hufuata uzito wao, kwa hiyo matroni asikadirie kwa macho.

Sasa yale ya kukatazwa. Nimesikia, na wengine nimewaona kwa macho yangu, watu wanaotia katika tundu la jino asidi ya betri, mafuta ya taa, tumbaku, hata dawa ya kunyunyizia ng'ombe. Asidi ya betri huua neva, ndiyo, kisha huunguza ufizi, ulimi na mfupa. Wengine husaga aspirini na kuibandika ufizini, wakaamka na kidonda cheupe juu ya taabu waliyokuwa nayo. Wengine hupasua kidonge cha rangi mbili na kumimina unga wake tunduni. Unga huo haufiki ncha ya mzizi hata ukimiminwa mwezi mzima. Na wapo mafundi wa vichochoroni wenye koleo moja kwa wateja wote, ambao huvunja jino na kuacha mzizi ndani, na pengine kumwachia mtu virusi vya homa ya ini au vya Ukimwi. Jino liking'olewa, liling'olewe na mtu aliyesajiliwa. Baraza la KMPDC lipo kwa ajili hiyo, na maafisa wa afya ya kinywa waliofunzwa katika vyuo vya KMTC wanaiweza kazi hiyo vizuri.

Viuavijasumu, yaani antibiotiki, vinahitaji maneno ya peke yake, kwa kuwa naona vimekuwa kama njugu. Mwanafunzi akiumwa jino, mzazi hutuma amoksilini. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba kwa mtu mzima mwenye afya, ambaye jino linauma bila ya homa wala uvimbe unaoenea, dawa hizo hazina faida ya maana. Tiba ni kulifungua jino, kutoa usaha au kuling'oa. Sababu nimekwisha kuitaja: chumba cha jino lililokufa hakina damu, na dawa husafiri kwa damu. Penye homa au uvimbe dawa hizo ni za lazima, na pale daktari anapokuwa mbali mhudumu wa afya huweza kuziandika kwa siku chache ili kuzuia maambukizi yasienee. Lakini hizo ni siku za kukopa. Anayemeza dozi nusu, akapata nafuu, kisha akatunza vidonge vilivyosalia kwa ajili ya ndugu yake, anawafunza bakteria kuizoea dawa, na siku ya dhiki ya kweli dawa hiyo haitafaa.

Yapo pia mambo ya itikadi. Imani kwamba jino huliwa na mdudu ni ya kale sana. Ilikuwapo Babeli, na Mfaransa Pierre Fauchard aliyeandika kitabu kikubwa cha udaktari wa meno mwaka 1728 aliwatafuta wadudu hao asiwaone. Kwetu bado wapo wanaofukiza kinywa kwa mbegu za ndulele ili mdudu atoke. Wengine huamini kwamba kung'oa jino la juu kunapofusha macho, kumbe ni kuliacha jino bovu hapo juu ndiko kunakoweza kulidhuru jicho. Wengine husema jino haling'olewi likiwa limevimba. Ni kweli kwamba sindano ya ganzi hufanya kazi kwa shida penye usaha, na mgonjwa huweza kuhisi zaidi. Lakini uamuzi huo ni wa daktari, na mara nyingi yeye huona heri kuutoa usaha siku hiyo hiyo. Mbaya kuliko zote ni ile desturi ya kuchokoa fizi za watoto wachanga wenye homa au kuhara, ati kung'oa meno mabaya, ambayo Tanzania huitwa meno ya plastiki au ya nailoni na Uganda ebino. Kinachotolewa ni vichipukizi vya meno halali ya mtoto, na chombo chenyewe mara nyingine ni spoku ya baiskeli.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 23.9 ya watoto na asilimia 34.3 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na meno yaliyooza. Katika darasa la wanafunzi 50, basi, wapo kumi na zaidi ambao saa yao inakuja. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwafunza madaktari wa meno mwaka 1974, lakini wahitimu wengi hubaki miji mikubwa, wala siwalaumu, maana daktari wa meno bila ya kiti, umeme na maji ni sawa na mwalimu wa kemia asiye na maabara. Serikali ya kaunti ndiyo yenye kulaumiwa inapojenga zahanati mpya na kuizindua kwa shangwe pasipo hata chumba kimoja cha kinywa. Mpango wa bima ya wanafunzi wa sekondari, EduAfya, ulioanza mwaka 2018 chini ya NHIF, haupo tena. Na wazazi ninaozungumza nao hawana hakika ni nani atakayelipa mwana wao akipelekwa usiku.

Lililo mikononi mwetu walimu ni dogo, lakini lipo. Wiki ya kwanza ya muhula, mwalimu wa darasa anaweza kutazama vinywa vya wanafunzi wake kwa tochi katika kipindi kimoja, na kumwandikia mzazi barua kabla ya fedha za muhula kwisha. Mwenye tundu dogo lisilouma ndiye wa kupelekwa kwanza, kwa kuwa lake bado linazibika. Sisi huwapeleka wale wa kung'olewa tu, kisha tukashangaa kwa nini kila aendaye Kitale hurudi na pengo. Jino la pembe si dawa ya pengo. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na parasetamoli, chumvi na chupa ndogo ya mafuta ya karafuu, na ubaoni mwa chumba cha walimu zibandikwe zile dalili za hatari pamoja na nambari ya simu ya mwenye gari aliyekubali kuamshwa. Tena aliyetolewa usaha au kung'olewa jino huambiwa arudi kuangaliwa baada ya siku mbili au tatu, na mara nyingi ni hapo walimu wakuu wanapokataa, wakisema mwanafunzi huyu ana mazoea ya kwenda mjini. Cheti cha ruhusa ya pili kiandikwe siku ile ile inapoandikwa ya kwanza.